Majina Niliyopewa Nairobi

Maji yalinipita mara mbili kabla sijajua kwamba D4 ni mimi.

Ilikuwa Julai, wiki yangu ya kwanza Nairobi. Saa kumi na moja alfajiri mwanamume alipanda ngazi za jengo letu akigonga milango kwa shada la funguo na kutaja herufi na namba: D1, D2, D3, D4, maji! Nilikuwa nimejikunja chini ya blanketi na leso mbili. Nilimsikia vizuri kabisa, nikadhani ni shughuli za wenyewe. Hapakuwa na aliyeniita. Nilipoamka saa kumi na mbili na nusu nikafungua mfereji, ukakoroma, ukatema matone mawili yenye kutu, ukanyamaza. Siku mbili baadaye ikawa vivyo hivyo.

Nilikotoka, mtu haitwi kwa mlango wake. Nimezaliwa Amu, mji ambao ramani huuandika Lamu, mtaa wa Langoni, na tangu nipate akili kila mtu mzima niliyepishana naye kwenye vichochoro aliniuliza swali moja: we mwana wa nani? Ukishajibu, basi. Anaijua nyumba yenu, anajua babu yako alikuwa nahodha wa jahazi gani, anajua arusi ya mamako ilichezwa siku ngapi, na ukiwa umetumwa dukani pesa zikapungua, atakuongezea. Jina lako mwenyewe laweza kupitisha miezi bila kutajwa. Nimekaa miaka 25 ndani ya swali hilo, wala sikuwahi kufikiri kwamba iko siku nitafika mahali ambapo jibu lake halimwambii mtu kitu.

Nilikuja kwa ajili ya kazi. Nina diploma ya famasia, na duka moja la dawa katikati ya jiji lilikuwa limenikubali. Nikavuka kwa boti hadi Mokowe, nikapanda basi hadi Mombasa, nikalala kwa mamangu mdogo, na asubuhi yake nikakata tiketi ya treni kule Miritini, shilingi 1,500. Safari yenyewe sina mengi ya kuisimulia, ila tulipopita Emali niliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha nikakikuta kimeingia baridi. Syokimau tukashuka, tukapanda treni ndogo ya kuunganisha, ikatufikisha stesheni ya zamani ya mjini.

Hapo ndipo Nairobi ilipoanzia. Reli iliyotoka pwani ilifika mahali hapa Mei 1899, ikakuta kinamasi na mto ambao Wamaasai waliuita kwa ubaridi wa maji yake, Enkare Nairobi. Wenye reli wakapiga kambi kabla ya kuanza kuipanda milima, na kambi ikakaa ikawa mji. Mimi nilikuwa nimekuja kwa njia ile ile, Mombasa hadi hapa, miaka mia na zaidi baadaye. Nilijikumbusha jambo hilo nikiburuta begi kwenye umati, ili nisijione mtu wa kwanza kushuka hapo akiwa na hofu.

Chumba nilikipata Umoja, upande wa Innercore, ambako maghorofa yamebanana hata nguo zilizoanikwa jengo hili zaweza kuguswa kutoka jengo la pili. Kabla yake kijana mmoja aliyejidai ana nyumba za kuonyesha alikuwa amenichukulia shilingi 1,000 ya kunionyesha chumba ambacho tayari kilikuwa na mtu ndani, na huyo mpangaji ndiye aliyenipa maji ya kunywa na kunielekeza jengo lenye bango la nafasi. Ni bedsita: kitanda, jiko na choo chini ya dari moja. Nililipa kodi ya mwezi, diposti ya mwezi, na diposti ndogo ya stima na maji. Msimamizi wa jengo, ambaye huku huitwa keateka, akanipa ufunguo, akaniambia, “Wewe ni D4.”

Nami nikasikia: chumba chako ni D4. Sikujua kwamba alikuwa akinipa jina.

Aliyenifumbua ni jirani. Jioni ya siku ya nne aligonga, mtoto mgongoni, mkononi ndoo iliyojaa nusu.

“D4, mbona maji yakija hutoki? Umesafiri?”

“Nipo.”

“Uko na unaoga na nini?”

Nikamwonyesha mtungi niliokuwa nimeununua kwa mwenye mkokoteni. (Kwetu mtungi ni wa udongo, hukaa pembeni mwa ukumbi na kata juu yake, hapa ni mtungi wa plastiki wa lita 20, uliokuwa wa mafuta ya kupikia.) Akatikisa kichwa. “Hiyo shilingi 50 unampatia kila siku, na maji unayalipia kwa nyumba? Siste, ukisikia D4, ni wewe. Mimi ni D3. D1 ni mzee, masikio yamechoka, huyo tunamgongea mara mbili.” Kisha akamimina ndoo yake ndani ya karai langu, bila kuniuliza natoka wapi wala mimi ni wa nani.

Nimeifikiria ndoo ile sana. Maji ya Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, mbali na jiji, na yakifika hayatoshi, ndiyo maana mitaa hupokezana kwa mgao. Sisi Umoja tulikuwa na siku zetu, na katika siku hizo saa zake, nyingi za usiku wa manane au alfajiri. Keateka hufungua bomba lipeleke maji kwenye tangi la darini, na kabla tangi halijajaa ndipo yeye hupanda ngazi. Mwenye kuamka huchota. Aliyelala, shauri yake. Nilipokuwa mdogo nilijua tu kwamba maji yetu hutoka Shela, chini ya vilima vya mchanga, na hakuna aliyeniambia nishukuru kwa hilo. D3 alikuwa amekesha kwa ajili ya ndoo ile, ana mtoto wa miezi minane na nepi za kufua, akanipa nusu. Nyumbani husemwa watu wa Nairobi hawana moyo. Nalikataa neno hilo, na nitalikataa mbele ya yeyote.

Tangu siku hiyo, sauti ikipanda ngazi, nilikuwa nje na ndoo kabla haijafika D2.

Kazini nilipewa jina jingine. Siku ya kwanza mwanamke aliingia ameshika tumbo, akaegemea kaunta, akaniambia, “Daktari, nisaidie.” Nikamjibu kwa adabu kwamba mimi si daktari, mimi ni mtu wa famasia. Akaniangalia kana kwamba nimemfungia mlango. Wa pili naye, daktari. Wa tano, daktari. Kila mmoja nilimsahihisha, maana nimelelewa nisipokee sifa isiyo yangu. Adhuhuri dada anayefanya kazi nami, aliyekaa hapo miaka mingi kuliko wote, aliniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniambia: “Huyo hakuiti hivyo kukusifu. Anaumwa. Muulize anaumwa wapi, kisha kama ni wa kwenda hospitali, mwambie aende.” Nikaacha kubishana na jina. Nikawa nauliza: unaumwa wapi, tangu lini, umemeza nini tayari? Na wale wa kwenda hospitali nawaambia waende, tena nawaambia kwa ukali kidogo, kwa sababu wengi huja kwetu wakikwepa foleni na gharama, na hiyo ni hatari ya kweli.

Ila jiji lenyewe nililijifunza barabarani.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa steji ya Mutindwa saa kumi na mbili kasorobo, nimevaa koti nililonunua Gikomba. Muuzaji aliniapia kwamba ni kamera, yaani limechaguliwa la kwanza marobota yalipofunguliwa, si fagia, ile mitumba inayobaki wenzake wakishaondoka. Kwa hilo alisema kweli, nalivaa hadi leo. Makanga walikuwa wakiita, “Tao finje! Tao finje!” Tao nilijua ni mjini. Finje ilinishinda. Mama mmoja aliyekuwa na kapu aliona nimeduwaa akaniambia, “Ni hamsini, mrembo, panda.” Nikapanda nikatoa salamu, Asalaam aleikum, kama ninavyoingia chomboni kwetu. Wengi walikuwa na vitu masikioni. Mzee mmoja kiti cha nyuma akajibu yote, hadi wabarakatu, kisha akarudi kwenye gazeti lake.

Hesabu ya pesa niliikariri kama mtoto wa chuoni anavyokariri alifu na bee. Ashu ni kumi, na hiyo ilinifurahisha, maana ndani yake niliisikia ashara, kumi ya wazee wetu. Mbao ni ishirini. Finje hamsini, soo mia moja. Noti ya 500 ikaniletea hadithi kamili: ni jirongo, kwa jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo, aliyeongoza kundi la vijana la YK'92 kwenye kampeni za 1992, wakati noti hizo zilipoonekana kwa wingi mikononi mwa watu. Hata pesa, basi, huku hupewa jina na waliozishika. Na matatu yenyewe yaliitwa kwa nauli yake ya zamani, mapeni matatu, ingawa leo mapeni hayo hayanunui hata pipi.

Lakini kilichonikamata koo ni Barabara ya Jogoo. Gari lilikuwa likienda na kusimama, konda akining'inia mlangoni akipaza sauti: Makadara! Maringo! Makongeni! Kaloleni!

Kaloleni. Nilikaribia kusimama. Kwangu Kaloleni iko Kilifi, kwenye minazi, na nina rafiki wa shule aliyeolewa huko. Nikaanza kutega sikio. Konda wa gari jingine akaita Pangani, nikaona mdomo wa mto kule Tanga ambako babu yangu alikuwa akitia nanga. Kukawa na Majengo, kukawa na Ziwani, kukawa na Barabara ya Rabai inayopita Buruburu. Nikamuuliza yule mzee wa wabarakatu, ambaye kwa bahati tulishuka steji moja, kwa nini nusu ya mji huu umeitwa kwa lugha ya kwetu. Akacheka, akasema, “Kwani wewe unadhani aliujenga nani?”

Alinieleza tukitembea, nami baadaye nikaenda kusoma zaidi. Mji ulipokuwa mchanga, watu waliofuatana na misafara na reli, Waswahili, wapagazi, askari, wafanyabiashara, walijenga vijiji vyao ukingoni mwa mji wa Wazungu. Pangani kilikuwa kimojawapo. Serikali ya kikoloni haikukitaka, na mwishoni mwa miaka ya 1930 kikabomolewa, wakazi wake wakapelekwa Pumwani na mtaa mpya wa Shauri Moyo. Jina hilo nimelipita mara nyingi sasa, na kila mara huwaza juu ya mtu aliyevunjiwa nyumba akapewa nyingine mahali paitwapo Shauri Moyo. Kariokor, ambako huuzwa viondo na ndala za ngozi, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi mno katika wapagazi hao hawakurudi makwao. Jina la Kiingereza liliingia midomoni mwa watu, wakalitafuna hadi likalainika.

Nilikuwa nimekuja nikijiona mgeni wa kupindukia. Siku ile nilifika kazini nimechelewa dakika kumi, macho mekundu, nikasema ni vumbi.

Usiku mamangu alikuwa akipiga simu. Hakuuliza mshahara, hakuuliza baridi, ingawa nilimwambia kwamba tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na maji ya kutawadha yanauma mifupa. Aliuliza jambo moja kila siku: “Ushapata mtu wa kukujua?” Nikamwambia, mama, sensa ya 2019 ilihesabu hapa watu 4,397,073. Kaunti yetu nzima ya Lamu, visiwa na bara, ilikuwa na 143,920. Hapa anijue nani? Akanyamaza kidogo, akasema, “Sikukuuliza wote. Nimekuuliza mmoja.”

Mmoja huyo alikuwa mama mboga wa chini ya jengo letu, nami nilikuwa nikimpita kila jioni.

Ana kibanda cha mbao na mwavuli wa rangi zilizopauka, na kisu chembamba anachokatia sukuma wiki kwa kasi ambayo sijapata kuiona, majani yanamwagika kama nyuzi. Mara ya kwanza nilimwomba tungule za shilingi 20 na kotmiri.

“Za nini?”

Nikazionyesha kwa kidole.

“Hizo ni nyanya. Na hii ni dania.” Alikuwa akitabasamu, si kwa kunicheka. “Wewe ni mtu wa Mombasa.”

“Wa Lamu.”

“Si ni huko huko.”

Si huko huko. Kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara katikati, na mtu wa Amu ukimwita wa Mombasa moyo wake unajikunja kidogo, naomba hilo lieleweke. Lakini nilikuwa nimechoka, na nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nikawa Mombasa. “Mombasa, leo uko na ukame usoni, kula mboga.” “Mombasa, shika nyongeza,” na mkono wake unadondosha vitunguu viwili juu ya nilivyolipia. Wengine wote aliwaita kastoma, na nilichunguza nikaona neno hilo si baridi kama lilivyo kwenye matangazo. Kastoma ni mtu anayewekewa parachichi lililoiva. Kastoma asipoonekana siku tatu, anaulizwa alikuwa wapi, na lazima ajibu vizuri. Jioni moja nilimsikia akimwambia mwanamume mwenye sare ya ulinzi, “Kastoma wangu ulinitupa, nikadhani umelazwa.” Mwanamume yule aliomba radhi kama mtu aliyekosa kwenda kumjulia hali shangazi yake.

Nikajikuta narudi mapema ili nisimpite akiwa ameshafunga.

Wiki ya pili nilimkuta mwanawe, mvulana wa miaka kumi hivi, ameketi kwenye kreti ya soda akifanya kazi ya shule chini ya balbu. Alitakiwa kutaja maeneo ya kihistoria ya Kenya. Alikuwa ameandika Fort Jesus na Gedi, akakwama. Mamake akanielekezea kisu: “Muulize huyo, ni wa huko.” Nikamwambia aandike Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

“Wewe umeshafika?”

“Nimezaliwa huko.”

“Kuna matatu?”

“Kuna punda. Njia zetu ni nyembamba, wawili wakikutana mmoja hungoja. Na ukisikia mtu nyuma anasema simile, simile, jibanze ukutani, mzigo unapita.”

Alitaka kujua punda hulala wapi, na kama bahari huonekana kutoka kitandani, na kama majahazi yana injini. Wateja wawili walisimama kusikiliza. Mama yake aliacha kukata. Nilizungumza hadi maji ya ugali wangu, niliyoyawazia njia nzima, yakawa hayana maana tena, na nilipofika kwenye milango ya mbao iliyonakshiwa na harufu ya halwa siku za arusi, sauti yangu ikanigeuka nikalazimika kunyamaza. Mama mboga akachagua tungule nne nzuri, akaziweka kwenye mfuko wangu. Akasema, “Hizo tungule zako.” Alisema tungule.

Siku iliyofuata nilirudi usiku, manyunyu yakianguka, nauli imepanda kutoka finje hadi soo kwa sababu ya manyunyu hayo, na nilikuwa nimemaliza pesa za mkononi. Nikachukua sukuma, vitunguu na mayai mawili, nikatoa simu nilipe, ikazima mkononi. Nikaanza kuvirudisha vitu mezani kimoja kimoja.

“Wacha hapo,” akasema. “Utalipa kesho.” Akamgeukia mwanawe. “Andika.”

Mvulana akavuta daftari lenye kurasa zilizovimba kwa unyevu. Niliona majina ya juu yangu: Baba Twins, Kinyozi, D3, Askari wa geti. Akauliza, “Niandike Mombasa?”

“Mombasa gani? Andika Lamu.”

Akaandika Lamu, 70, kwa herufi kubwa za shule, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo.

Asubuhi nilishuka na pesa mkononi kabla ya kwenda steji. Alikuwa akipanga karoti. Akapokea, akafungua ukurasa, akapiga mstari juu ya ile 70, kisha akaniuliza kama jioni aniwekee kotmiri.